Illustrator, CorelDRAW, Inkscape au Canva: ipi italinda herufi zako hadi kwenye mashine ya kuchapia?

Kadi ya mwaliko wa harusi hapa Zanzibar ina mambo matatu yanayoisumbua kompyuta kwa mkupuo mmoja: Bismillahi ya Kiarabu juu, majina ya maharusi kwa mwandiko wa mapambo katikati, na chini maelekezo ya Kiswahili yenye jina kama Ng'ambo. Kadi ikichorwa Chake Chake, ikapelekwa Darajani kusahihishwa, kisha ikavuka bahari kwenda kuchapwa Kariakoo, faili lake limefunguliwa na programu mbili au tatu, na kila moja ina tabia yake kwenye fonti. Tunazilinganisha programu hizi za kubuni kwa jambo hilo tu: ipi inaonyesha herufi sawasawa, ipi inakuonya ikishindwa, na kazi ikishamalizika uikabidhi vipi. Wingi wa mapambo na urahisi wa kuchora tumeuweka kando.

Kwanza jua kosa liko wapi

Wengi hubadilisha programu kumbe kosa liko kwenye fonti, au huhangaika na fonti kumbe programu ndiyo isiyoweza. Makosa yako matatu, na kila moja lina alama yake.

La kwanza, fonti haimo kwenye kompyuta. Hapo maandishi yote yaliyotumia fonti hiyo hubadilika sura kwa pamoja, upana wake hubadilika, na jina lililokaa mstari mmoja hushuka mstari wa pili. Wakati mwingine fonti umeisakinisha na bado programu haiioni. Tangu toleo la 1809 la Windows 10, lililotoka 2018, ukibofya "Install" bila ruhusa ya msimamizi, fonti huingia kwenye folda ya mtumiaji mmoja badala ya C:\Windows\Fonts, na baadhi ya programu, hasa za zamani, hazitazami huko. Iondoe, bofya faili la fonti kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Install for all users", kisha funga programu uifungue upya.

Hapa pana mtego unaozigusa kazi za Kiarabu moja kwa moja. Traditional Arabic, Simplified Arabic, Arabic Typesetting, Andalus na Sakkal Majalla zilikuwa zikija na Windows za zamani, na madizaina wengi walizizoea. Kwenye Windows 10 na 11 zimewekwa kwenye kifurushi cha ziada, kwa hiyo kompyuta mpya inaweza kukosa zote. Usizitafute kwenye tovuti za ovyo. Nenda kwenye Settings, fungua "Optional features", ongeza "Arabic Script Supplemental Fonts" ukiwa na intaneti, na zitarudi zikiwa halali na kamili.

Kosa la pili, fonti ipo lakini herufi fulani haimo ndani yake. Alama yake ni kwamba maandishi mengine yako sawa, ila herufi moja imekuwa kisanduku au imeazimwa kutoka fonti nyingine isiyofanana. Kwa Kiswahili cha kawaida mgonjwa mkubwa ni ile alama ya juu ya ng'. Fonti nyingi za mapambo za bure zina herufi A hadi Z na tarakimu, basi. Tena programu nyingi hubadilisha alama ya kibodi, yenye namba U+0027, kuwa ile iliyopinda, U+2019, na fonti inaweza kuwa na moja ikakosa nyingine. Zima ubadilishaji huo wa alama za nukuu uandike upya. Ikishindikana, teua alama hiyo peke yake uipe fonti nyingine ya unene unaokaribiana.

Kwa Kiarabu, yanayokosekana mara nyingi ni Bismillahi iliyofungwa pamoja kama herufi moja, U+FDFD, na alama ya kumswalia Mtume, U+FDFA, ambayo haikosi kwenye tangazo la maulidi. Anayeandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, jadi iliyo hai kwetu, atakwama pia kwenye pe, che, ge na ve, kwa sababu herufi hizo hazimo katika alfabeti ya Kiarabu chenyewe na watengenezaji wengine huziacha. Amiri, Scheherazade New na Noto Naskh Arabic zinazo, na zote tatu ni za bure kwa kazi za biashara.

Kosa la tatu ndilo linalodhaniwa ni la fonti wakati wote, na silo. Andika neno salamu kwa Kiarabu: sini, lamu, alifu, mimu. Likionekana sini iko kushoto, mimu iko kulia, na kila herufi imesimama peke yake bila kushikana na mwenzake, programu hiyo haijui kugeuza uelekeo wala kuchagua umbo la mwanzo, la kati na la mwisho. Ubadilishe fonti mia, neno litabaki vile vile. Hapo ndipo uchaguzi wa programu unapokuwa na maana.

Programu kwa programu

Illustrator ndiyo inayosema ukweli mapema kuliko zote. Ukifungua faili lenye fonti isiyokuwepo, hutoa orodha ya fonti zinazokosekana, na maneno yaliyobadilishwa huyapaka waridi kwenye ukurasa. Huwezi kuchapa kwa bahati mbaya bila kuona. Kiarabu inakiweza, ila huenda uwezo huo haujawashwa: kwenye menyu ndogo ya paneli ya Paragraph chagua mpangaji wa mistari wa "Middle Eastern & South Asian", kisha weka uelekeo wa aya kutoka kulia. Ukisahau hatua hiyo utaona kosa la tatu na utailaumu programu bure. Photoshop nayo ina mambo hayo hayo kwa jina la "World-Ready Layout". Jambo jingine la kujua: Adobe, wenye Illustrator na Photoshop, waliacha kuzitambua fonti za zamani za Type 1 mwezi Januari 2023. Faili la miaka hiyo linaweza kudai fonti iliyomo kwenye folda yako na unayoiona kwa macho. Itafute fonti hiyo kwa aina mpya, ya OpenType. Hakuna mpangilio wa kuirudisha ile ya kale.

CorelDRAW ndiyo utakayoikuta kwenye maduka mengi ya mabango, na hiyo peke yake ni sababu nzito ya kuichagua, maana faili la CDR litafunguka kule unakolipeleka. Lakini uliza toleo. Uwezo wa kupanga Kiarabu na fonti za OpenType uliingia na toleo X6, la mwaka 2012. X3, X4 na X5 bado zinazunguka kwenye kompyuta za zamani, na faili la Kiarabu likihifadhiwa kwa ajili ya matoleo hayo, lichunguze neno kwa neno. Fonti ikikosekana, CorelDRAW hufungua dirisha la kuchagua mbadala. Wengi hubofya OK haraka, na kosa linaanzia hapo. Ukipewa nafasi ya kuchagua, weka mbadala wa muda badala ya wa kudumu. Wa muda unabakiza jina la fonti ya asili ndani ya faili, kwa hiyo likirudi kwa mwenyewe linarudi kama lilivyokuwa. Wa kudumu unafuta jina hilo, na kuanzia hapo hakuna ajuaye fonti ya kwanza ilikuwa ipi.

Inkscape ni ya bure kabisa, na kwa Kiarabu hailazi damu: inaunganisha herufi na kuweka irabu mahali pake bila kuwasha chochote, kwa sababu imejengwa juu ya HarfBuzz, injini ile ile inayopanga maandishi kwenye Chrome na Firefox. Kijana wa skuli au wa kituo cha mafunzo asiye na fedha ya leseni aanze hapa bila wasiwasi. Udhaifu wake uko pengine. Fonti ikikosekana, huweka nyingine kimya kimya. Onyo lipo lakini huwa limezimwa. Liwashe kwenye mapendeleo ya chombo cha maandishi siku ya kwanza tu. Fonti mpya pia inaweza isionekane mpaka uifunge programu uifungue tena. Na rangi zake ni za skrini, RGB, kwa hiyo mwenye mashine ya kuchapa ndiye atakayezigeuza. Omba sampuli ndogo kabla ya kuchapa kadi 300.

Canva inavutia kwa sababu fonti hazikai kwako. Ukibadilisha simu, kompyuta au mtandao, kazi inafunguka ilivyo, na Kiarabu kinaungana vizuri ukichagua fonti yenye herufi hizo. Tabu huanza mambo mawili yakitokea. Mteja akitaka fonti yake mwenyewe, akaunti ya bure haikuruhusu kuipandisha. Na kazi ikitoka nje ya Canva kama PDF, duka la chapa likaifungua kwa CorelDRAW ili libadilishe tarehe, fonti zinadaiwa upya, na nyingine huzipati popote nje ya Canva. Kwa tangazo la Instagram au kadi ya Kiswahili itakayochapwa kama ilivyo, inatosha. Kwa kazi itakayoguswa na watu wawili, hatuipendekezi.

Affinity, programu nyingine ya kubuni, toleo la 1 na la 2, haikujengewa maandishi ya kulia kwenda kushoto. Kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi ni nzuri. Kwa Kiarabu iache.

Kuna ujanja unaoenea kati ya wanaotumia programu zisizoweza Kiarabu: kupitisha maandishi kwenye tovuti inayoyageuza na kuyaunganisha, kisha kuyabandika. Tovuti hizo hubadilisha kila herufi kuwa umbo lililokwisha kuungwa na kupanga neno kinyume. Kwa mstari mmoja mfupi linaonekana sawa. Ukiruhusu aya iteremke mstari wa pili, mwanzo wa sentensi unajikuta chini na mwisho wake juu. Ukilipeleka kwenye programu inayojua Kiarabu, maneno yanavurugika tena, kwa sababu yamegeuzwa mara mbili. Usiutumie ujanja huu hata kwa dharura. Andika maneno kwenye Inkscape, yageuze kuwa umbo, yaani mistari ya mchoro badala ya herufi hai, uyalete kama mchoro.

Kukabidhi: PDF, umbo, kifurushi au picha

PDF yenye fonti ndani yake ndiyo chaguo letu la kwanza kwa kadi, vitabu vya madrasa, ratiba na chochote cha karatasi. Herufi zinabaki kali, faili ni dogo, na maneno bado yanaweza kutafutwa. Lakini hakikisha. Lifungue kwa Adobe Reader, bonyeza Ctrl na D, nenda kwenye kichupo cha "Fonts". Kila jina lifuatwe na "Embedded" au "Embedded Subset". Jina lililobaki peke yake lina maana fonti hiyo haimo, na mashine ya huko itaweka yake. Mara nyingine sababu ni leseni: baadhi ya fonti zina alama ya ndani inayokataza kuwekwa kwenye PDF, na programu hutii bila kukuuliza.

Fonti iliyomo ndani ya PDF ni ya kuchapia, si ya kuhariria. Fundi wa duka akiifungua PDF hiyo kwa Illustrator au CorelDRAW ili aipange kwenye karatasi kubwa, programu itatafuta fonti kwenye kompyuta yake, haitaipata, itabadilisha. Mwambie aiingize kama kitu kilichofungwa, kwa "Place" upande wa Illustrator, au achape moja kwa moja kutoka Reader. Malalamiko ya "PDF yako imeharibika" mengi yanatokea kwenye hatua hii, na PDF yenyewe haina kosa.

Kugeuza maandishi kuwa umbo hukata mzizi wa tatizo: hakuna fonti tena, kuna mistari tu. CorelDRAW ni Ctrl+Q, Illustrator ni Ctrl+Shift+O, Inkscape ni Ctrl+Shift+C. Hii ndiyo njia ya mabango ya flexi, chapa za fulana na stika. Gharama yake ni kwamba huwezi tena kusahihisha tahajia, na harusi zetu hubadilisha saa ya nikaha usiku wa mwisho. Kwa hiyo hifadhi faili mbili kila mara: moja yenye maandishi hai, nyingine yenye umbo, na majina yasiyochanganyika. Anayegeuza kuwa umbo juu ya faili lake la pekee ataichora kadi upya kwa neno moja.

Kiarabu kikigeuzwa umbo kinadai hatua ya ziada. Herufi zilizoshikana kwa kweli hupandana kidogo kwenye maungio, na zikiwa umbo, kila moja hubaki na mpaka wake. Tazama stika ya kioo cha nyuma cha daladala: mashine ya kukatia inafuata kila mpaka, kwa hiyo inakata pia ndani ya maungio, na ukianza kung'oa mabaki ya stika, neno Mashaallah linatoka vipande vipande. Ukiweka uwazi kwenye rangi, maungio yanaonekana kama mabaka meusi. Ukiunganisha vibaya, yanakuwa matundu meupe. Dawa ni moja: baada ya kugeuza, teua neno zima uyayeyushe maumbo yawe kimoja, kwa "Weld" ya CorelDRAW, "Unite" ya Illustrator au "Union" ya Inkscape. Kisha tazama kwa mistari mitupu bila rangi. Ikibaki mstari wowote unaokatiza ndani ya herufi, rudia. Fonti za mwandiko wa Kirumi zilizoshikana, zile za majina ya maharusi, zina ugonjwa huo huo.

Kifurushi chenye faili na fonti zake, kupitia "Package" ya Illustrator au "Collect for Output" ya CorelDRAW, kinafaa pale tu ambapo nyote wawili mna programu moja, toleo linalokaribiana, na leseni inaruhusu fonti kupewa mtu mwingine.

Picha ni njia ya mwisho. Herufi hazitabadilika, lakini zinakuwa vitone. Bango la mita 3 kwa 1 kwa vitone 150 kwa inchi ni pikseli 17,717 kwa 5,906, na kwa rangi nne za kuchapia, CMYK, bila kubanwa ni takriban MB 419. Kwa vitone 100 linashuka hadi MB 186 na kwa bango linalosomwa kutoka upande wa pili wa barabara linatosha. Kadi ya mkononi inahitaji 300. JPEG iliyobanwa huacha vumbi pembeni mwa herufi nyembamba, na nukta za ba, ta na tha zikiwa ndogo huanza kufanana na vumbi hilo. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati, kamwe si kama picha, maana picha hubanwa tena njiani.

Aya za Qur'ani zinadai uangalifu wa peke yake

Zanzibar imekuwa na kiwanda cha kuchapa Kiarabu tangu enzi ya Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, na tangu hapo msomaji wa kwetu haisamehe nukta iliyopotea kwenye aya. Ana haki.

Fonti ya Uthmani ya Mujamma' wa Mfalme Fahd wa Madina, kiwanda cha kuchapa Mus-hafu, ile ya kisomo cha Hafs, ni ya kawaida: maandishi yake ni Unicode, yaani kila herufi ina namba yake inayotambulika kila mahali, na ikikosekana utaona aya ile ile kwa sura mbaya. Lakini Mujamma' huo una aina nyingine, ya kurasa, yenye fonti 604, moja kwa kila ukurasa wa Mus-hafu. Humo kila neno ni alama moja, na alama hizo hizo hutumika tena kwenye fonti ya ukurasa mwingine. Ukipachika aya ya ukurasa wa 50 na kompyuta ikaipa fonti ya ukurasa wa 51, hutaona visanduku. Utaona maneno mazuri, yenye irabu kamili, ya aya nyingine kabisa. Hakuna programu itakayokuonya. Ukitumia fonti hizo, geuza kuwa umbo dakika ile ile, kwenye kompyuta ile ile, kabla faili halijaenda popote.

Kwa aina yoyote ile, baada ya kugeuza, chapa aya peke yake kwa ukubwa kamili umpe mwalimu wa chuo cha Qur'ani aisome akiwa na Mus-hafu mkononi. Aangalie shadda na irabu iliyo juu yake, maana fonti dhaifu huzipandisha moja juu ya nyingine, na lamu-alifu, ambayo baadhi huiacha bila kuungana. Asisome kwenye skrini ya simu.

Fonti ipo, programu inaiweza, na bado herufi ni takataka

Hapo shuku kumbukumbu ya fonti ya Windows, hasa kama umeme ulikatika kompyuta ikiwa inafanya kazi. Funga programu zote. Fungua "services.msc", simamisha "Windows Font Cache Service". Nenda C:\Windows\ServiceProfiles\LocalService\AppData\Local\FontCache, futa mafaili yaliyomo, washa huduma tena, zima na uwashe kompyuta. Illustrator na Photoshop zina kumbukumbu zao wenyewe, mafaili yanayoanza na AdobeFnt na kuishia na .lst, yafute programu zikiwa zimefungwa, zitayaandika upya. Baada ya hapo angalia kama una fonti mbili zenye jina moja, labda moja ya TTF na nyingine ya OTF kutoka diski ya rafiki. Bakiza moja tu, ile yenye pe na che ndani yake, na uifute nyingine.